Kocha wa timu za mbio aangalie mahali wachezaji wake wanaposimama

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mchezo ambao huenda baadhi ya wasomaji wako hawaujui kwa jina, lakini ambao umeziteka jioni za vijana kadhaa tunaokaa nao barazani Kibokoni na Makadara. Unaitwa Blood Bowl. Ni mchezo wa mbinu uliotolewa mwaka 1986 na kampuni ya Games Workshop ya Uingereza kwa ubunifu wa Jervis Johnson, na ndani yake viumbe wa hadithi za kubuni hucheza mpira unaofanana na ule wa Marekani, huku kupigana kumbo kukiwa ni sehemu halali ya mchezo. Wenye kompyuta huucheza kupitia Blood Bowl 3, iliyotoka mwaka 2023. Wasio nazo huchora miraba kwenye kadibodi kwa kalamu na rula, vizibo vya soda vikawa wachezaji, na dadu za ludo zikafanya kazi ya zile dadu maalumu za dukani, maadamu pande zote mbili zimekubaliana kila namba ina maana gani.

Kinachonifanya niandike ni kauli ambayo vijana wameipokea kama sheria, kwamba timu za mbio, yaani Wood Elf, Skaven na wenzao wenye miili myepesi, ni za kujitafutia aibu, na kwamba mtu mwenye akili zake huchagua Orc au Dwarf akaponda mpaka kipenga cha mwisho. Sikubaliani na kauli hiyo hata kidogo. Timu hizi huvunjwa mno mikononi mwa makocha wetu kwa sababu makocha wetu huzimaliza zamu zao wakiwa wamewaacha wachezaji ubavuni mwa adui, na jambo hilo liko ndani ya uwezo wa kocha kulirekebisha kabla hajarusha dadu hata moja.

Kwa asiyeujua mchezo nieleze kwa ufupi. Uwanja una miraba 26 kwa urefu na 15 kwa upana. Kila upande huingiza wachezaji 11, na mechi ina vipindi viwili vya zamu 8 kwa kila timu. Kocha huendesha wachezaji wake mmoja mmoja, na mmoja wao akianguka au akiupoteza mpira, zamu nzima hukatika papo hapo hata kama wenzake hawajasogea. Kila mchezaji huikaba miraba minane inayomzunguka, na anayetaka kutoka katika mraba uliokabwa lazima apige chenga kwa kurusha dadu. Anayetaka kumpiga mpinzani kumbo lazima awe tayari amesimama karibu naye, isipokuwa mara moja tu kwa kila zamu, ambapo kocha huruhusiwa kumchagua mchezaji mmoja akimbie kisha apige. Hilo la mwisho wachezaji huliita blitzi, na ndilo ninalomsihi kila kocha wa timu ya mbio alitafakari sana, kwa sababu maana yake ni hii: ukiimaliza zamu yako bila mchezaji wako yeyote kugusana na adui, adui huyo awe Orc, awe Dwarf, awe nani, anaweza kukupiga kumbo moja tu katika zamu inayofuata.

Natumia hapa kanuni za toleo la 2020, ambazo ndizo zinazofuatwa pia na Blood Bowl 3. Mchezaji wa kawaida wa Wood Elf ana mwendo wa miraba 7 na deraya ya 8+, maana yake akiangushwa adui hurusha dadu mbili na jumla ikifika 8 au zaidi deraya imepenywa. Uwezekano wake ni 15 kati ya 36. Deraya ya Orc ni 10+, nayo hupenywa mara 6 tu kati ya 36. Vijana wakishaziona namba hizo mbili hufunga kitabu na kutoa hukumu. Lakini kabla ya deraya lazima mtu aangushwe kwanza, na baada ya deraya kuna dadu nyingine mbili za jeraha: jumla ya 7 kushuka chini mchezaji hupigwa na bumbuazi akabaki uwanjani, 8 na 9 huzirai na kutolewa, 10 kwenda juu ni majeruhi na mechi yake imekwisha. Adui mwenye ujuzi wa Block, unaomkinga asianguke pale dadu inapowaangusha wote wawili, anayerusha dadu mbili za kumbo na kuchagua moja humwangusha mchezaji asiye na ujuzi wowote mara 3 kati ya 4. Ukizidisha hatua zote tatu, kumbo moja la namna hiyo humtoa mchezaji wako uwanjani takriban mara 13 katika kila mara 100.

Sasa mwache kocha aliyezoea kusimama ubavuni mwa adui apokee makumbo sita kila zamu. Katika kipindi cha zamu 8 amepokea 48, na kwa hesabu hiyo amepoteza wachezaji wapatao sita. Mwenzake anayepokea blitzi peke yake amepigwa mara nane, na amempoteza mmoja. Deraya ni ile ile, adui ni yule yule. Najua si kila kumbo hupigwa kwa dadu mbili, na si kila adui ana Block, na wapo wenye Mighty Blow ambao huumiza zaidi ya hapo. Ila uwiano baina ya makocha hawa wawili haubadiliki, na ndio unaoamua kama timu itaingia kipindi cha pili ikiwa na watu kumi au watano.

Nitatoa mfano nilioushuhudia kwa macho. Kijana mmoja alikuwa na Wood Elf dhidi ya Orc, na katika zamu ya tatu akapiga makumbo mawili katikati ya uwanja. La kwanza lilimsukuma Orc mraba mmoja nyuma, naye akakisogeza kizibo chake mbele kumfuata. La pili likawa hivyo hivyo. Baada ya hapo akawaleta wachezaji wengine watatu kuwasaidia hao wawili, akarudisha mkono nyuma na kusema zamu yake imekwisha. Wachezaji watano walikuwa wamegusana na Orc saba. Aliyefuata hakuhitaji ufundi wowote, alipiga kumbo baada ya kumbo, vizibo vitatu vikaondolewa kwenye kadibodi, na yule kijana akanigeukia akaniambia, "Ami, hawa wamezaliwa kufa." Nikamwomba arudishe vizibo pale vilipokuwa kabla hajamfuata yule Orc wa kwanza. Kanuni haimlazimishi mpiga kumbo kumfuata aliyemsukuma; ni hiari yake. Angebaki alipo, pangekuwa na mraba mtupu baina yao, na Orc huyo asingeweza kumpiga ila kwa kuitumia blitzi ya timu nzima. Ni mraba mmoja tu, na makocha wetu wengi huutoa bure kwa mazoea ya kusonga mbele.

Ninapowafundisha vijana kuzuia, jambo la kwanza ni uzio. Kwa kuwa kila mchezaji huikaba miraba iliyo pande zake zote, watu wawili wakisimama na miraba miwili mitupu katikati yao hakuna mraba wa mstari huo usiokabwa. Uwanja una miraba 15 kwa upana, na ukihesabu kutoka pembeni kushoto kwenda kulia, mchezaji wa kwanza akae mraba wa 2, wa pili 5, wa tatu 8, wa nne 11 na wa tano 14. Watu watano wameuziba uwanja mzima. Mpangilio huo haugongani na kanuni ya kutozidisha wachezaji wawili katika kila ukanda wa pembeni wakati wa kupiga mpira wa kuanzia, na vilevile unamwepusha yeyote kusimama juu ya mstari wa nje, mahali ambapo kumbo moja la kusukuma humtupa kwa watazamaji wakamtwanga bila deraya yake kuhesabiwa kabisa. Wachezaji wanaobaki wakae nyuma ya uzio, mbele ya nafasi zilizo wazi, ili blitzi ya adui ikiangusha nguzo moja, mbeba mpira asikute njia nyeupe.

Uzio huo usimame umbali ambao mwisho wa zamu yako hakuna anayeguswa, na ikiwezekana umbali ambao adui hawezi kukufikia kwa wingi. Hapa mwendo ndio silaha. Dwarf wa kawaida anatembea miraba 4, na akijikaza kwa hatua mbili za ziada, kila moja ikiwa na hatari ya kuanguka akirusha 1, anafika 6. Wood Elf wa 7 anaweza kuamua mkutano utokee wapi. Wapo wanaoniuliza kwa nini niwahimize wakae mbali ilhali hawa wanachenga vizuri, na jibu ni kwamba chenga nayo ina bei. Mwenye wepesi wa 2+, yaani anayehitaji kurusha 2 au zaidi, anayetoka katika mraba uliokabwa kwenda mraba huru hufaulu mara 5 kati ya 6, na kijana akisikia hivyo huona ni uhakika. Lakini akihitaji chenga tano katika zamu moja bila nafasi ya kurusha upya, uwezekano wa zote kufaulu ni kama 40 kwa mia tu. Kocha anayewaacha watu watano wakabwe hulazimika kuchagua baina ya kuzijaribu chenga zote na zamu ikakatika, au kuwaacha wengine wapigwe. Afadhali akabwe mmoja au wawili, na hata hapo aanze na wale wasiohitaji dadu, awaweke mahali pao, kisha chenga zije mwisho.

Wanapozuia mbele ya kizimba ndipo subira inapohitajika zaidi kuliko mahali pengine popote. Kizimba ni mbeba mpira katikati na wenzake wanne kwenye pembe zake nne, na timu nzito hupenda kukisogeza polepole kwa zamu zote 8 ili kufunga bao dakika ya mwisho. Vijana wetu wakikiona hutaka kukivamia mara moja. Mchezaji anayeitwa Wardancer ndiye hutumwa, kwa kuwa ana mwendo wa 8, ana Block, Dodge inayomsaidia kuchenga na kukwepa makumbo, na Leap inayomruhusu kuruka juu ya vichwa vya watu, na kweli yeye ndiye mtu wa kazi hiyo. Lakini timu inaruhusiwa Wardancer wawili tu, na kila mmoja hununuliwa kwa 125,000, fedha za ndani ya mchezo, kutoka katika bajeti ya 1,000,000. Akiruka ndani ya kizimba katika zamu ya 2, wenzake wakiwa mbali, hata akifanikiwa kuudondosha mpira utaokotwa na walewale wanaomzunguka, kisha ataangushwa chini na kuchezewa rafu. Uzio na urudi nyuma miraba miwili mitatu kila zamu, ukimpa adui mtu mmoja wa kupiga na si zaidi. Adui ana safari ndefu na zamu zinakwisha. Ifikapo ya 6 au ya 7 ataanza kuharakisha, pembe moja ya kizimba itachelewa, na hapo Wardancer aende akiwa na wakimbiaji wawili watatu tayari kuupokea mpira utakapodondoka, na nafasi moja ya kurusha upya ikiwa haijatumika.

Katika kushambulia kuna ushauri mwingine mbaya unaozunguka barazani, kwamba ukiweza kufunga haraka basi funga. Gutter Runner wa Skaven ana mwendo wa 9, na hatua mbili za ziada zinamfikisha miraba 11, kwa hiyo bao la zamu mbili kwao si muujiza. Lakini uliyepokea mpira mwanzoni mwa kipindi ukifunga katika zamu yako ya 2, mpinzani anabakiwa na zamu 7 za kukuponda na kusawazisha kabla ya mapumziko, tena akiwa na mpira. Ukifunga katika zamu ya 5 anabakiwa na 4, na ukifunga ya 6 anabakiwa na 3. Dwarf wa miraba 4 kutoka mstari wa kati hadi mstari wa bao ana miraba 13 ya kutembea. Zamu nne bila kusimama popote, bila kupigana na mtu. Hana budi kukivunja kizimba chake mwenyewe na kumtuma mkimbiaji peke yake, na mkimbiaji wa Dwarf aliye peke yake mbele ya Wood Elf ni mpira uliokwisha kupotea.

Kwa hiyo mbeba mpira akae nyuma ya wenzake, mbali na mbio za adui, lakini asizidi miraba 8 kutoka mstari wa bao ikiwa ni Catcher, yaani mdakaji, wa Wood Elf, ili siku mambo yakiharibika aweze kuingia bila kutegemea hatua za kujikaza. Na mambo yataharibika mara nyingine. Adui akianza kukuzingira na watu wako wakapungua, usingoje zamu ya 6 kwa sababu tu mimi nimeisifu, funga. Vilevile wachezaji wako wakiwa wamezirai wengi, bao lina faida ya pili, kwa maana kabla ya mpira mpya kupigwa kila aliyezirai hurushiwa dadu, na kwa 4 kwenda juu hurudi uwanjani.

Kuhusu ujuzi wa kuwaongezea wachezaji wanapopata uzoefu, sitasema mengi. Wa kawaida apewe Dodge kwanza, kisha Block. Yule adui wa dadu mbili niliyemtaja, aliyekuwa akimwangusha mtu mara 3 kati ya 4, akikutana na mwenye Dodge humwangusha mara 5 kati ya 9, na akikutana na mwenye zote mbili humwangusha mara 11 tu kati ya 36. Tackle huifuta faida ya Dodge, na kwa toleo hili Dwarf wa kawaida wanaanza nayo, hivyo mbele yao yale niliyoyaeleza kuhusu umbali yanakuwa ya lazima maradufu. Wrestle, inayowaangusha mpigaji na mpigwaji pamoja, kwa mmoja au wawili nayo inafaa, hasa kwa anayetumwa kumwangusha mbeba mpira.

Limebaki tatizo ambalo umbali hauwezi kulitatua. Unapopiga mpira wa kuanzia, kanuni inakulazimisha uweke wachezaji watatu kwenye mstari wa kati, na adui aliyepokea atawapiga wote watatu kabla hujasogea. Hiyo ni kodi ya kila timu nyepesi. Waweke wa bei ndogo, wa 70,000, wasio na ujuzi bado, na usiongeze wa nne kwa hofu ya kwamba mstari unaonekana mwembamba. Anayeweza kumudu 120,000 za mti wa Loren Forest Treeman amweke huyo kati yao. Ana nguvu 6 na deraya ya 11+, na ingawa mwendo wake ni wa miraba 2 tu, pale mstarini hatakiwi kwenda popote. Baada ya makumbo hayo ya kwanza, waliobaki wima waondoke. Nimeona makocha wakiwaacha pale kipindi kizima kana kwamba wamepewa kazi ya kulinda mpaka.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa burudani ukipata nafasi siku za Jumapili, mchapishe mchoro mdogo wa uwanja wenye miraba 26 kwa 15, timu nyepesi na nzito zikiwa zimepangwa, na msomaji aulizwe angewasogeza wapi wachezaji wake katika zamu hiyo moja. Vijana wetu wana akili ya haraka na wanapenda kubishana kwa hoja. Wakipewa swali la namna hiyo kila wiki watajadiliana barazani, nami niko tayari kuandaa maswali ya kwanza bila malipo yoyote.

Wako mtiifu,
Msomaji wa Kibokoni,
Mombasa